Kifundo cha Sukari Guru

Binti yangu ana doa la kahawia kwenye jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Ni doa dogo, la ukubwa wa punje ya wimbi. Watu wakimwuliza husema ni maji ya Voi, kwa maana maji ya chumvi ya kule tambarare huwapaka watu wengi rangi menoni, na jibu hilo hukubalika haraka. Lakini yeye hakukulia Voi. Alikulia Mghange, juu milimani, na maji tuliyokunywa yalikuwa ya chemchemi. Doa lile nililitia mimi, miaka zaidi ya mitatu kabla ya jino lenyewe kutoka kwenye ufizi.

Juzi mjukuu wake alimwuliza tena, naye akajibu vilevile, kisha akaniangalia. Nimeona afadhali niandike.

Mimi na mume wangu tuliokoka karibu na wakati wa uhuru. Yeye alikuwa mtu wa reli, akikaa kwenye nyumba za reli kule Voi na kupanda mlima kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mimi nilibaki Mghange na mama mkwe. Boma letu, kama maboma yote ya pale, lilikuwa na miwa bondeni, kando ya kijito. Miwa hiyo haikupandwa ili itafunwe. Ilipandwa kwa ajili ya pombe. Wazee wakija kuzungumzia mahari, pombe ya miwa. Watu wakija kusaidia kulima, pombe ya miwa. Mama mkwe alisifika kwa kuitengeneza, na watu walitoka ng'ambo ya bonde kuja kuionja.

Kwa sisi tuliookoka pombe ilikuwa imekwisha. Lakini miwa ilikuwapo bado, imesimama, na haikuwezekana kuing'oa kwa sababu ndiyo iliyoshika udongo wa kijito usiporomoke. Basi tulifanya nini nayo? Wanawake wa ushirika wetu walikata shauri tuiondoe kwenye mtungi wa pombe na kuitia kwenye sufuria. Kila Alhamisi tulikutana kwenye boma moja, tukamenya, tukatwanga kwenye vinu vilevile vya zamani, tukakamua, tukachemsha maji yake mpaka yakawa mazito na kuganda. Sukari guru. Tuliimba huku tukitwanga. Wenyewe tuliiita miwa iliyookoka, na tulicheka kila tulipotaja jina hilo.

Sehemu ya sukari ile ilikwenda kwenye chai. Sehemu ilikwenda kwa watoto.

Ibada zetu zilikuwa ndefu. Baada ya mahubiri zilifuata shuhuda, na mtu akisimama kutoa ushuhuda hakuna aliyeweza kumwambia akae. Tuliingia umande haujakauka na kutoka jua limeshaegemea upande wa pili wa mlima. Mtoto mdogo hawezi kukaa hivyo. Kwa hiyo kila mama alikuwa na kitambaa safi, na ndani yake donge la sukari guru kama punje ya haragwe, kimefungwa kwa uzi, kikachovywa katika maji. Tulikiita kifundo. Unampa mtoto, ananyonya, ananyamaza, wewe unasikiliza neno. Mwinjilisti wetu aliwahi kusimama mbele akasema, "Tazameni watoto wa waliookoka walivyotulia. Wa nje wangekuwa wameshabomoa kanisa." Tukasema amina. Mimi nilikuwa mstari wa pili, na binti yangu mgongoni, na kifundo mdomoni mwake.

Lazima niseme jambo moja hapa, ingawa sipendi kulisema. Kabla ya binti huyu nilikuwa nimemzika mwingine, mvulana wa miezi minane. Alilia siku tatu kisha akaacha kulia. Tangu hapo sikuweza kuvumilia kilio cha mtoto. Sikusikia huzuni, wala sikulia mwenyewe. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimelala tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Lakini mtoto akianza kulia mkono wangu ulikwenda wenyewe. Wengine walitoa kifundo Jumapili. Mimi nilikitoa nikifua, nikilima, nikipika, na alipokwenda kulala nilikiacha mdomoni mwake mpaka asubuhi. Mtoto alikuwa kimya. Nilimshukuru Mungu kwa ukimya ule.

Mama mkwe hakuwa ameokoka, na hakupenda kuona miwa yake ikitiwa kwenye sufuria. Kwa hiyo aliposema nilidhani ni kinyongo.

"Huyo mtoto ananuka mdomo," aliniambia siku moja akimpakata.

"Ni mtoto, mama. Amekunywa maziwa."

"Nimelea tisa. Najua harufu ya maziwa." Akamfungua mdomo kwa kidole gumba. "Wangu walitafuna miwa hii hii mpaka fizi zikavuja damu. Wakatema makapi, wakaenda kunywa maji mtoni, wakaenda kucheza. Huyu wako hatafuni. Utamu umemkalia tu mdomoni kama kuku juu ya mayai."

"Mama, afadhali sukari kuliko pombe."

"Mimi sijakuambia umpe pombe," akasema. Akamrudisha kwangu.

Niliona michirizi myeupe kwenye meno ya juu ya mbele, pale jino linapokutana na ufizi. Weupe mkavu, kama chokaa. Nilifikiri ni mabaki ya uji, nikayasugua kwa kitambaa. Hayakutoka. Baada ya miezi kadhaa weupe ukawa manjano, manjano ikawa kahawia. Meno yakaanza kukatika kwenye kingo, vipande vidogo, bila maumivu, mpaka yakabaki kama vigingi vinne vyeusi. Meno ya chini yalikuwa mazima kabisa. Jambo hilo lilinishangaza, lakini sikumwuliza mtu. Nilipowatazama watoto wa wenzangu kanisani, wengi walikuwa hivyohivyo, na kitu kinachowapata wote hakimtishi mmoja. Tulisema ni meno ya utoto tu, yatang'oka yenyewe, Mungu ataleta mengine.

Watoto wa walevi walikuwa na meno meupe. Jirani yetu mmoja, mnywaji mkubwa, alipita njiani siku moja akawaona watoto wetu wamekaa ukutani mwa kanisa. Akasimama akacheka.

"Enyi watakatifu!" akaita. "Huyo Bwana wenu anakula meno?"

Tukaimba kwa sauti zaidi ili tusimsikie.

Binti alikuwa na miaka minne mdomo ulipovimba. Ulianza kama kipele juu ya jino moja, kwenye ufizi. Baada ya siku mbili mdomo wa juu wote ulikuwa umejaa. Siku ya tatu uvimbe ulipanda kando ya pua, na jicho la kulia likaanza kufumba. Ngozi ilikuwa inang'aa. Alikuwa na joto, na hakulia. Hicho ndicho nilichokitambua. Hakulia.

Wanawake wa ushirika walikuja wakaomba, na mimi nikaomba pamoja nao. Mama mkwe alikuja na chungu cha maji ya moto na mbegu za mtunguja, akitaka kumfukiza ili mdudu wa jino atoke na mvuke. Nilikataa. Nilisema hayo ni mambo ya kale.

Akaweka chungu chini. "Sawa. Basi mambo mapya yako wapi? Mpeleke kwa hayo mapya. Leo."

Nilimfunga mgongoni, nikateremka kwa miguu mpaka Wundanyi, na kutoka hapo tukapata lori la mboga lililokuwa likielekea pwani. Dereva alituweka mbele. Milima ilibaki nyuma katika ukungu wake, na joto la Voi likatupokea pamoja na vumbi lake jekundu. Nakumbuka nilitazama miti ya mkonge kando ya njia, mstari baada ya mstari, na nilikuwa nikiihesabu. Sikuwa nikiomba. Nilikuwa nikihesabu mikonge.

Hospitalini Voi daktari msaidizi alimtazama jicho kabla ya kumtazama mdomo. Akaniuliza nimekawia siku ngapi, nikamwambia. Hakunigombeza. Akasema usaha wa jino ukipanda huko juu unaweza kufika kwenye jicho, na zaidi ya jicho unaweza kufika kwenye ubongo, na kwamba atamdunga sindano za penisilini asubuhi na jioni, na Ijumaa atakuja mtu wa meno kutoka Mombasa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Tulikaa katika chumba cha mume wangu. Treni zilipita, vikombe vikatikisika kwenye rafu. Mume wangu ni mtu asiyesema sana. Alimtazama binti yake, akaketi kwenye kitanda, akavua kofia ya kazi.

"Mbona hukuniletea habari?"

"Ningekuambia nini? Ni meno ya utoto."

Alitoka, akarudi na pakiti ya biskuti za sukari, kwa sababu alikuwa baba na hakujua la kufanya. Mtoto akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa naye mapajani, na kifundo kilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nacho bado, kwa maana nisingesafiri bila kifundo. Nikamwachia ale biskuti moja. Hakuweza kuiuma. Aliiweka ulimini ikayeyuka.

Kufika Alhamisi uvimbe ulikuwa umeteremka na jicho limefunguka. Mume wangu alisema, "Mungu ni mwema." Nikasema, "Ni mwema." Maneno yalitoka vizuri. Yalikuwa kama maneno ya kwenye kitabu cha sala ambayo mtu huyajibu bila kutazama.

Mtu wa meno alikuwa mzee wa pwani, amevaa kofia ya kufuma na koti jeupe. Kiti chake kilikuwa cha kawaida, cha mbao, kimewekwa karibu na dirisha. Kando yake palikuwa na mashine ya kutobolea meno ambayo aliiendesha kwa kukanyaga, kama fundi wa cherehani. Kwa binti yangu hakuihitaji. Alimfungua kinywa, akatazama kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, akagonga hapa na pale.

"Huyu mwana mwampa nini?"

"Chakula cha kawaida, daktari. Uji, viazi, mboga."

"Na utamu?"

Nikakitoa kifundo mfukoni. Akakishika kwa ncha za vidole, akakinusa.

"Na hiki hukaa nacho muda gani?"

"Kanisani tu," nikasema. "Na akilia. Na akilala."

"Basi sema mchana na usiku, mamangu, tufupishe." Akakiweka kwenye bakuli lake la chuma, pamoja na pamba chafu. "Kwenu husemwa kuna mdudu wa jino?"

"Mama mkwe wangu ndiye husema."

"Hakukosea sana. Ila si mmoja, na haonekani kwa macho. Ni wadogo mno, na ni wengi. Wewe unao, mimi ninao, hata askofu wenu anao, umwambie nimesema. Wao hawali jino. Chakula chao ni sukari. Wakishaila, hutoa kitu kikali, kama ndimu. Hicho kikali ndicho kiyeyushacho jino."

Nikamwambia kwamba watoto wa mama mkwe walikula miwa hiyo hiyo, tena mingi kuliko binti yangu, na meno yao yalikuwa mazima.

"Walikula, wakamaliza?"

"Walitafuna, wakaenda kunywa maji."

"Basi hapo ndipo penyewe. Si wingi, mamangu. Ni muda. Mtu akila kitu kitamu, ule ukali hukaa kinywani kama nusu saa. Kisha mate huja yakauosha, na yale madini yaliyotoka jinoni yakarudi polepole. Jino hujitengeneza lenyewe, lakini mpaka lipewe nafasi. Huyu alipewa nafasi lini? Na mtu akilala mate hupungua. Utamu umelalia meno ya juu. Ya chini ulimi huyafunika, ndiyo maana ni mazima. Tazama." Akanionyesha. "Uliona weupe kwanza? Kama chokaa, hapa kwenye ufizi?"

"Niliuona."

"Ungekiacha kitambaa siku ile, jino lingeweza kurudi. Weupe ule ni jino limeanza kupoteza madini, lakini ngozi yake haijavunjika. Likishatoboka halirudi. Ndani ya ganda gumu mna sehemu laini, shimo likifika huko hukimbia. Na ndani ya hiyo laini mna nyama hai, mna damu na mshipa. Ikifa, huoza, na usaha hutafuta mlango. Wa huyu ulikuwa umeuona mlango wa jicho." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Jino si jiwe, mamangu. Li hai."

Niliyasikia yote. Nimeyakumbuka yote mpaka leo, neno kwa neno, na siku ile hayakunigusa popote. Nilikuwa kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

Nikauliza, "Ukiyang'oa haya, mengine yatakuja?"

Akaugusa ufizi. "Mengine yamo humu humu, ndani ya mfupa, yanaumbwa sasa hivi tunapoongea. Usaha umekaa juu yao. Yaweza kutoka mazima. Yaweza kutoka na kasoro. Yaweza kutoka mabovu, laini kama chaki, yakavunjika tena. Mimi siwezi kuona. Utaona wewe, yakija."

"Lini?"

"Akiwa na miaka saba, au nane. Meno yaking'olewa mapema, yale ya kufuata huwa na uvivu."

Alimdunga ganzi, akangoja, akang'oa manne. Mume wangu alimshika miguu, mimi kichwa. Hakulia wakati huo pia. Yule mzee aliyaweka meno kwenye karatasi, vipande vyeusi vinne, akaniuliza kama nayataka. Kwetu jino la mtoto hurushwa juu ya paa. Haya hayakuwa ya kurushwa. Nikasema hapana.

Tukaketi nje kwenye benchi kungoja damu ikome. Mume wangu alikwenda kazini. Nilitazama watu wakipita, na nilipogeuka niliona damu mpya ikitiririka kidevuni mwa mtoto. Nikafikiri ni vidonda vya meno. Sivyo. Alikuwa ameuvuta mdomo wake wa juu kwa meno ya chini, yale mazima, na alikuwa akiutafuna. Ulikuwa umekufa ganzi, hakujua kwamba ni wake. Alikuwa akiutafuna taratibu, macho yametulia, kama anavyotafuna mtu aliyepewa kitu kitamu.

Nikaingiza kidole changu katikati. Alikiuma. Nilikiacha pale mpaka ganzi ikamtoka, akaanza kulia, kilio kikubwa, cha kwanza tangu wiki iliyopita. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mmoja akasema, "Mnyamazishe mtoto, mama." Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikamwacha alie.

Tuliporudi Mghange mama mkwe alikuwa akitungoja mlangoni. Akamfungua mtoto kinywa, akatazama pengo, akakifunga.

"Mimi nilikunywa miwa yangu, nikalewa, nikalala," akasema. "Mjukuu wangu amelewa kila Jumapili kanisani." Kisha akachukua kikombe, akakijaza maji, akamwonyesha mtoto namna ya kusukutua na kutema mbali. Walishindana nani atatema mbali zaidi. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa mchezo wao baada ya kila mlo. Hakulitaja jambo lile tena, nami namshukuru mpaka leo.

Jumapili ile nilisimama katika shuhuda. Katika ushirika wetu mtu hakuficha kosa lake; alilileta nuruni. Nilisema yote aliyoyasema mzee wa meno, kuhusu wadudu na ukali na mate, na muda. Nilisema kwamba Mungu aliyemwekea mwanadamu siku ya kupumzika amekiwekea hata kinywa saa zake za kupumzika, na mimi nilizivunja zote. Mbele yangu watoto kama kumi hivi walikuwa wakinyonya vifundo, wakinitazama.

Ndugu mmoja, mzee wa kanisa, akasema, "Dada, unataka turudie pombe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika. "Nataka watoto watafune, watapike makapi, wanywe maji," nikasema. "Na wakilia, walie."

Nilikuwa nimekosea neno, nilitaka kusema wateme, wakacheka tena. Nikaketi. Mama mmoja alikitoa kifundo mdomoni mwa mwanawe, na mtoto akapiga kelele mpaka mwisho wa ibada. Wengine walivitoa baada ya wiki, wengine hawakuvitoa kamwe. Shuhuda zilianza kuwa fupi, kwa sababu kelele zilikuwa nyingi. Mwinjilisti hakusifu tena utulivu wa watoto wetu.

Kisha nikangoja.

Binti aliingia shule bila meno ya mbele. Walimwita Kibogoyo. Alijifunza kucheka akiwa amefumba mdomo, na kuimba akiwa ameufungua kidogo tu, hivi kwamba katika kwaya ya watoto ulimwona akiimba na hukumsikia. Meno ya nyuma ya kudumu yalitoka alipofika miaka sita, makubwa, nyuma ya yote. Yule mzee alikuwa amenionya kwamba watu hudhani hayo ni ya utoto na kuyaacha yaoze, kumbe ni ya maisha. Nilimpigisha mswaki mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa kijiti cha mti na chumvi, baadaye kwa mswaki wa dukani ambao baba yake alileta kutoka Voi. Biskuti hakuleta tena.

Mbele palibaki pengo. Wenzake walipata meno, yeye hakupata. Kila Jumapili kabla ya ibada nilimsimamisha mlangoni, penye mwanga, nikapitisha kidole juu ya ufizi. Laini. Wiki iliyofuata, laini. Niliomba kila siku kwa maneno yaleyale. Sikuhisi kwamba nasikiwa, wala sikuhisi kwamba sisikiwi. Niliomba kama mtu anavyochota maji, kwa sababu ni asubuhi na mtungi uko pale. Leo naamini hiyo pia ilikuwa sala. Wakati ule sikuwa na maoni.

Alikuwa karibu kutimiza miaka minane kidole changu kilipokutana na kitu kigumu. Kulikuwa na ukingo, kama wa msumeno, chini ya ngozi. Sikumwambia mtu. Baada ya wiki mbili ufizi ulipasuka na jino la kushoto likaonekana, pana, jeupe, halina kasoro. La kulia lilikawia mwezi mzima. Lilipotoka lilikuwa na lile doa la kahawia, na kijishimo kidogo katikati ya doa.

Nilimwita mama mkwe. Alikuwa mzee sasa, macho yake hayaoni vizuri. Akamshika mtoto kidevu, akaligonga jino kwa ukucha, akasikiliza. Akagonga tena.

"Doa," nikasema. "Yule mzee wa meno alisema yaweza kuwa laini kama chaki."

"Si laini." Akalikwangua kwa ukucha wake mgumu kama pembe. Ukucha uliteleza. "Limepigwa, lakini limepona. Tuone kazi yake."

Akaenda bondeni kwa fimbo yake, akarudi na pingili moja ya muwa. Hakuimenya. Akampa mtoto. Binti yangu alinitazama. Tangu Voi hakuwa ameonja muwa, kwa amri yangu. Nami nilikuwa nikiutazama ule muwa, na lile jino jipya lenye doa, na sikuweza kusema ndiyo wala hapana.

"Tafuna," nikasema mwisho. "Halafu usukutue."

Akaupachika muwa kati ya meno mawili ya juu na ya chini, akavuta. Ganda lilichanika kutoka juu mpaka chini kwa mlio mmoja mkavu. Nikamfungua kinywa haraka. Jino lilikuwa pale, na doa lake, zima. Maji ya muwa yalikuwa yakimtiririka kwenye kidevu, na alikuwa akicheka mdomo wazi, na mama mkwe akimwambia, "Tema makapi, mjukuu wangu, tema mbali, tuone kama bado unanishinda."

Nilijaribu kumshukuru Mungu papo hapo, na sikupata maneno. Niliketi kwenye ngazi. Kidole changu, kile alichokiuma siku ile Voi, kilikuwa na kovu dogo kwenye kiungo. Nililigusa, na niligundua kwamba linauma kidogo.